Uzi wa Kukatika

Karatasi ya jeshi ilisema Barnabas Chonga alisahau. Niliisoma mwenyewe, imepigwa taipu vizuri na kugongwa mhuri: askari alitua salama, upepo wa ubavuni ukalijaza parachuti lake, akasahau kufungua mikanda kama alivyofunzwa, akaburutwa mpaka akafa. Yote hayo ni kweli isipokuwa neno moja. Barnabas hakusahau, na anayejua hivyo ni mimi, Usman, fundi cherehani wa Mji wa Kale.

Mwaka huo wa arobaini na nne Mombasa ilikuwa imejaa jeshi, huwezi kwenda sokoni kununua kitunguu usikanyagwe na buti. Walikuja dukani kwangu wakitafuta mtu anayeelewana na hariri. Mimi nilikuwa nimeshona nguo za maharusi na matanga ya majahazi, yaani laini kabisa na ngumu kabisa, wakaona nafaa. Wakawa wananipeleka kwa lori kule bara, kwenye kiwanja cha ndege, niwatilie viraka maparachuti yaliyochanika. Kazi ilinipendeza, sitasema uongo. Mshono wangu hata Wazungu waliupitishia kidole wakatikisa kichwa.

Kitu kimoja tu nilikichukia tangu siku ya kwanza. Kifuani mwa mwenye kuruka hukaa kisanduku cha chuma cha mviringo, ukubwa wake kama kopo la dawa ya viatu, na mikanda yote inayomshikilia huingia humo. Akishafika chini, hukizungusha kwa mkono, hukigonga kwa ngumi, na mikanda yote huchomoka kwa pamoja. Ili kisanduku kisizunguke chenyewe mtu akijigonga mlangoni mwa ndege, hutiwa uzi wa pamba, mwembamba, mmoja, mshono mmoja. Kazi ya uzi huo ni kukatika. Sajini aliyetusimamia alinieleza mara tatu, akaniambia niurudie kama mtoto wa chuo cha Kurani: uzi huu ukatike mtu akizungusha. Nikaurudia. Lakini moyoni niliona ni upuuzi. Miaka thelathini natukanwa kwa mshono ukiachia, leo naambiwa nishone kitu ili kiachie.

Barnabas alikuwa mtu wa Rabai, seremala kabla ya kuvaa kaki, mmoja wa askari wanne waliofunzwa kuruka. Siku za Jumamosi alikuja kukaa kwenye benchi langu. Mrefu, mpole, mwenye kucheka bila sauti. Alipenda kunifundisha, na mimi sipendi kufundishwa, kwa hivyo tulipatana vizuri. Alikuwa akiruka kutoka baraza ya jirani hadi chini, miguu pamoja, akianguka kwa ubavu na kujiviringisha, watu wa mtaa wakimcheka.

"Kushuka si kazi, fundi," aliniambia. "Kazi ni upepo wa ubavuni."

Akanieleza kwamba ukiwa juu unatazama moshi unaowashwa chini, unavuta kamba za upande mmoja ili uukabili upepo, usije ukatua kwa mgongo. Lakini ukishagusa ardhi parachuti halijafa. Upepo hulijaza kama tanga na kukuburuta, na hapo una nafasi ya kuhesabu mbili tu. Moja, zungusha. Mbili, gonga. Aliizoea hesabu hiyo hivi kwamba hata akiwa anaongea mambo mengine mkono wake ulikwenda kifuani wenyewe. Moja, mbili.

Mkewe Loise alikuwa mfuaji katika hospitali moja mjini. Alikuja dukani Alhamisi, siku mbili kabla ya mruko mkubwa uliopangiwa wageni wakubwa wa serikali. Barnabas alikuwa amemwonyesha nyumbani, kwa kopo la dawa ya viatu, jinsi kile kisanduku kinavyofunguka. Alidhani anamtuliza. Kumbe mwanamke alisikia jambo moja tu, kwamba kile kinachomshikilia mumewe angani hufunguka kwa kuzungushwa mara moja.

"Ule uzi wa kifuani watiwa na nani?" aliniuliza.

Nikamwambia ni mimi.

"Ni mmoja?"

"Mmoja."

"Kwani nyuzi zimeadimika, fundi?"

Nilimweleza kanuni kama nilivyoelezwa. Hakubishana. Alinitazama vile mteja anavyotazama nguo iliyoharibiwa, kisha akaniuliza kama mwanangu mwenyewe ningemtia uzi mmoja. Hapo alinigusa penyewe, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu zamani. Nilikuwa na haki ya kukasirika, nimfukuze. Badala yake nilijisikia mtu wa maana, mtu aliyekabidhiwa roho ya mtu.

"Enda nyumbani, mamangu," nikamwambia. "Hakitafunguka."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake.

Jumamosi hiyo upepo wa kusi ulikuwa umeamka nasi. Barnabas alitakiwa aruke saa mbili asubuhi, kabla upepo haujapata nguvu, lakini wageni wakachelewa, na wageni wakubwa hawaulizwi. Saa tano ndipo tulipoambiwa askari wavikwe. Nilimvika Barnabas kwanza, kwa mikono yangu, maana yeye ndiye aliyepangiwa kutangulia. Nilipofika kifuani nilitoa mfukoni uzi nilioutayarisha nyumbani. Ulikuwa uzi wa kitani, mweupe kama ule wa pamba, niliousugua kwa nta kama nishonavyo tanga. Nikaupitisha mara nne, nikaufunga fundo ambalo halijanitoka hata siku moja. Yeye hakutazama chini. Macho yake yalikuwa kwenye ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, uliokuwa umenyooka kabisa.

"Umeshanitia uzi?" akaniuliza.

"Nimeshakutia."

"Haya basi."

Ndiyo maneno tuliyoachana nayo. Aliniamini kama watu wanavyoniamini nikiwapima kiunoni, wakitazama pembeni.

Sajini nami tulitangulia kwa lori, tukavuka daraja la Makupa, tukakata kisiwa hadi kwenye uwanja uliopangiwa mruko, karibu na mnara wa taa, juu ya mlango wa bahari wa Likoni. Njiani sajini alikuwa na hasira. Kabla hatujaondoka alikuwa amepiga simu kuomba mruko uahirishwe, akakataliwa. Alisema kwa upepo huu mtu atatua vizuri tu ikiwa ni hodari, na Barnabas ni hodari, lakini akichelewa kujifungua amekwisha, maana uwanja una mawe ya matumbawe na mwisho wake kuna ukuta. Alikuwa na kitambaa chekundu kikubwa pajani pake. Angekitandaza chini, ndege ingerudi bila mtu kuruka.

Hapo nilielewa nilichofanya. Sikuelewa pole pole. Nilielewa mara moja, mwili mzima. Na tangu hapo mpaka ndege ilipotokea ilipita karibu saa nzima. Wageni walikuwa wakiketi, wakipewa vinywaji. Moshi uliwashwa, ukalala chini ukakimbia kuelekea ukutani. Nilisimama hatua tatu kutoka kwa sajini. Neno moja lingetosha.

Nilijiambia Barnabas ana mikono ya seremala, ataukata. Nilijiambia pengine upepo utatulia. Lakini kweli yenyewe ni ndogo na ya aibu: niliogopa kuonekana fundi asiyejua kazi mbele ya watu wale. Nimeitafuta sababu nyingine miaka hii yote, sijaipata.

Aliruka. Parachuti lilifunguka kwa uzuri, viraka vyangu vyote vikishika, na watu wakapiga makofi. Nilimwona akitazama moshi. Nilimwona akivuta kamba za upande wa kushoto, akigeuka, akiukabili upepo, miguu pamoja. Upepo ukambadilikia karibu na ardhi, ukampiga ubavuni, na hata hapo alijua la kufanya. Alianguka kwa paja, kwa ubavu, akajiviringisha kama pale kwenye baraza. Sajini alisema, "Vizuri." Hakuna mtu aliyewahi kutua vizuri kuliko vile.

Kisha parachuti likajaa.

Aliondoka chini kama gunia lililofungwa nyuma ya gari. Mkono wake ulikuwa kifuani tayari. Niliuona ukizungusha, niliona ngumi ikigonga. Moja, mbili. Tena, moja, mbili. Kichwa kikigonga mawe, naye akiendelea. Sajini alikuwa akikimbia na kupiga kelele kwa Kiingereza, azungushe, azungushe. Nami nilikuwa nikikimbia nyuma yake, na mimi peke yangu katika uwanja ule mzima ndiye niliyejua kwamba anazungusha. Karibu na ukuta aliacha kugonga, akaanza kukwaruza kwa vidole, kama mtu anayetafuta fundo.

Hariri ilinasa ukutani ikalegea. Sajini alipita mbio akajitupa juu ya parachuti alilaze lisijae tena, nami nikawa wa kwanza kumfikia Barnabas. Alikuwa hajafa. Alinitazama, na sijui alijua nini. Nilitoa mkasi wangu mfukoni nikaukata ule uzi, mara nne, nikavichomoa vipande upesi, nikazungusha kisanduku, nikakigonga. Mikanda ikachomoka yote kwa pamoja, kama ilivyotakiwa. Akafa kabla daktari hajafika.

Waliokuja kuchunguza walikizungusha kile kisanduku mara kumi, kikafunguka mara kumi. Uzi haupo, basi umekatika, basi kisanduku hakikuwa na kosa. Aliyebaki wa kubeba kosa ni maiti. Sajini aliapa kwamba aliona mkono ukienda kifuani, wakamwambia mtu akibabaika mkono huenda popote. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, ule uzi mfukoni mwa kanzu yangu. Jioni nikautupa baharini.

Loise alikuja baada ya wiki tatu, amevaa nguo nyeusi. Aliketi kwenye benchi, mahali pale pa mumewe. Nilimpa pole tena, akaipokea. Aliniambia kwamba kule Rabai watu wanamsema Barnabas, kwamba alifunzwa na Wazungu akasahau somo, na baba yake mzee hataki tena kutoka nje. Aliyasema hayo bila kulia. Kisha akainua macho.

"Fundi, weye ulikuwako. Alisahau?"

Nilikuwa na jibu nililolifikiria nyakati nyingi. Nikimwambia kweli, nitamrudishia Barnabas jina lake. Lakini mwanamke huyu ataondoka hapa akijua kwamba haja aliyoniletea kwa mapenzi ndiyo iliyomuua mumewe, na ataishi nayo kila aamkapo. Nilijiambia ni huruma. Ninapoandika leo sijui kama nilikuwa namhurumia yeye au nafsi yangu, na nahisi najua.

"Alisahau, mamangu," nikasema. "Upepo humbabaisha mtu."

 Akashika pembe ya leso yake, akafungua fundo, akatoa kitu akakiweka juu ya cherehani mbele yangu. Kilikuwa kipande cha uzi, kifupi kama kijiti cha kiberiti, cheupe upande mmoja na hudhurungi ya damu kavu upande mwingine.

"Nilimkunja mikono kabla hawajalifunga jeneza," akasema. "Kucha tatu zilikuwa zimeng'oka. Huu ulikuwa chini ya ukucha wa nne."

Nilikiinamia kile kipande, nikaiona nta yangu.

"Naijua haja niliyokuletea. Naijua tangu siku ile. Nilikuja leo nikidhani tutakuwa wawili wa kulibeba jambo hili."

Akasimama, akajifunga leso yake vizuri, akatoka. Nilimsikia akimwamkia jirani yangu barazani kwa adabu, kama siku yoyote, kisha hatua zake zikapotea kichochoroni. Hakurudi tena, wala mimi sikuenda Rabai.

Niliketi pale mpaka adhana ya alasiri. Kisha nikakichukua kile kipande kwa ncha zake mbili, nikakizungusha kwenye vidole, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Hakikukatika.