Alama ya Buluu

Mpiga plasta alikuwa na mazoea yake, na mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa fahari yake. Kila mguu uliofika mikononi mwake, kabla hajalowesha hata bandeji moja, aliutafutia mapigo juu ya wayo, katika kibonde kilicho kati ya mfupa wa kidole gumba na ule wa kidole cha pili. Akiyapata, alichora alama ya X kwa kalamu ya buluu. Ndipo alipoufunga mguu kutoka pajani hadi vidoleni, akikata kidirisha juu ya alama, ili muuguzi wa zamu yoyote aweke kidole pale pale na ajue damu inafika.

"Alama yangu haisemi uongo," aliwaambia wanafunzi waliomzunguka kama vifaranga. "Sikilizeni. Damu ya mguu ina njia kuu moja. Inashuka pajani, inapita nyuma ya goti, pale kwenye mkunjo, ndani kabisa, imelala juu ya mfupa. Ikishavuka goti inagawanyika. Tawi moja linashuka na muundi hadi juu ya wayo. Jingine linapita ndani ya shavu la mguu, linazunguka nyuma ya kifundo, linaingia unyayoni. Nyuma ya goti ni daraja. Daraja likikatika, mji wa ng'ambo unakufa njaa."

"Unakufa baada ya muda gani?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Saa sita. Zikizidi sana, nane. Baada ya hapo, usiniite mimi. Mwite mwenye msumeno."

Walicheka, naye akacheka. Lakini jambo moja hakuwaambia. Miaka kumi na tisa ya unga wa plasta ilikuwa imezila ncha za vidole vyake. Ngozi ilikuwa ngumu kama kwato, ikipasuka kila wiki, na vidole viwili vya kupimia mapigo, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimekufa ganzi. Kwa hiyo alipima kwa kidole gumba, ambacho bado kilisikia.

Muuguzi mkuu wa wodi, ambaye wote walimwita Mama Kipimo, alimwona siku moja. "Baba, hicho kidole kina mapigo yake chenyewe. Kitakudanganya. Tumia hivi viwili."

"Wewe Mama Kipimo, hata sukari ya chai unaipima kwa sindano!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Kipimo hakucheka. Alichukua faili lake, akatoka.

*

Shemeji yake aliletwa saa nne asubuhi, amebebwa kwenye mlango wa mbao uliong'olewa mahali fulani. Alikuwa fundi cherehani, mume wa mdogo wake wa kike, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Alikuwa akivuka barabara na kitambaa cha mteja mabegani, mguu wa kulia ukazama katika mtaro uliokosa kifuniko. Mguu ulibaki, mwili ukaendelea na safari. Waliomwokoa walisema goti lilikuwa limepinda kwenda mbele, kinyume na lilivyoumbwa, na walipomvuta lilirudi lenyewe kwa mlio kama wa kuni kavu.

Picha ilionyesha mifupa iko mahali pake. Daktari kijana aliyekuwa zamu akashusha pumzi. "Limejirudi. Kano zimekatika, hilo halina ubishi. Mfunge, apumzike, daktari wa mifupa atamwona kesho."

"Shemeji," mgonjwa alinong'ona kwenye kitanda cha plasta, jasho likimchuruzika, "huu ndio mguu wa cherehani. Mwingine huu ni pambo tu. Nikikanyaga kile kikanyagio cha chuma, watoto wa dada yako wanakula. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Umefika kwa mwenyewe. Tulia."

Akaweka kidole gumba katika kile kibonde. Alikuwa na haraka, na alikuwa na hofu ya mtu anayemtibu wa kwao, moyo ukimdunda. Kidole kikampa alichokitaka: du, du, du. Wayo ulikuwa baridi, lakini mtu aliyetolewa mtaroni atakuwa na wayo wa namna gani? Akachora alama yake ya buluu, iliyonyooka, nzuri. Hakugusa nyuma ya goti. Angegusa, angekuta uvimbe umejaa mle kwenye mkunjo, mgumu kama embe bichi.

Akapiga plasta. Alipiga kwa upendo, na hapo ndipo uchungu ulipo. Alilainisha kila bandeji kwa kiganja, akaikunja pembe, akakata kidirisha cha mraba kama dirisha la nyumba ya mtu mwenye adabu.

Saa nane mchana mdogo wake alikuja mbio chumbani kwake. "Kaka, anapiga kelele. Anasema shavu la mguu linataka kupasuka. Amepewa dawa mara mbili, haisaidii."

Akaenda. Wagonjwa wa wodi walikuwa wamekwisha kumfanya shemeji kuwa mchezo. "Fundi anayedunga sindano mchana kutwa," mzee wa kitanda cha jirani alikuwa akisema, "leo yeye kadungwa, anataka mji mzima ujue!"

"Shemeji, vidole sivisikii," mgonjwa alisema. "Lakini shavu linaungua. Inakuwaje mguu mmoja usisikie na uungue?"

Mpiga plasta aliinama, akatia kidole gumba katika kidirisha. Du, du, du. "Mapigo yapo," alisema kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Plasta mbichi ndiyo inayopoza vidole. Vumilia, wewe ni mwanamume."

"Una hakika, kaka?"

"Mdogo wangu, nimefunga miguu kabla hujaolewa."

Jioni muuguzi wa zamu akataka kumwita daktari. Akaiona alama, akakumbuka ni alama ya nani, akaandika katika faili: mapigo yapo, kwa mujibu wa mpiga plasta. Kufikia alfajiri mgonjwa alikuwa amenyamaza, na wote wakashukuru kwamba amepata nafuu.

*

Mama Kipimo, aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, aliingia zamu saa moja asubuhi. Hakuanza na faili, alianza na vidole. Vilikuwa na rangi ya majivu. Akachoma kidole gumba cha mguu kwa sindano. Mgonjwa hakutikisika, damu haikutoka. Akatuma mtu.

Mpiga plasta alikuja akijifuta mikono. "Nini tena? Mapigo yapo, jana nimepima mara mbili."

"Nipimie na mimi."

Akaweka kidole gumba juu ya alama. "Haya hapa."

"Hesabu kwa sauti."

"Moja. Mbili. Tatu. Nne..."

Mama Kipimo alishika kifundo cha mkono wa mgonjwa kwa vidole vyake viwili, na kwa mkono mwingine akaanza kugonga kalamu kwenye chuma cha kitanda, akifuata moyo wa mgonjwa. Ko-ko-ko-ko. Mgonjwa alikuwa na homa, moyo wake ukikimbia. Kwa kila namba aliyotamka mpiga plasta, kalamu iligonga karibu mara mbili.

"Tano... Sita..." Sauti ikaanza kupungua.

"Usiache. Sasa shika shingo yako kwa mkono wa pili."

Alishika. Shingo ikasema du. Kidole gumba kikasema du. Vilikwenda pamoja, kama ndugu waliotoka tumbo moja. Mguuni hapakuwa na kitu. Tangu jana saa nne alikuwa akisikiliza moyo wake mwenyewe juu ya mguu wa maiti.

Mdogo wake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chupa ya chai. Aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Mbona mmenyamaza?"



*

Plasta aliipasua mpiga plasta mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yake. Daktari wa upasuaji alifungua nyuma ya goti, akatazama kwa muda usiozidi pumzi tatu. Mshipa ulikuwa umevutika hadi ukakatika, kama uzi uliokwama huku kitambaa kikivutwa. Akachana ngozi ya shavu la mguu. Nyama iliyopaswa kuwa nyekundu na kuruka ikiguswa, ilikuwa na rangi ya samaki aliyechemshwa. Aliigusa, haikuruka.

"Jana mchana ningeushona mshipa," daktari alisema. "Leo ninaweza kumwokoa mtu tu. Shika wayo. Msaidizi wangu hayupo."

Akaushika. Wakati msumeno ukifanya kazi juu ya goti, yeye alitazama alama yake, maana haikuwapo sehemu nyingine ya kutazama. Ilikuwa bado safi. Kisha uzito wote wa mguu ukamwangukia mikononi, ghafla, mzito kuliko alivyodhani, na kisigino kikamgonga kifuani.

"Nani aliyechora hii?" daktari aliuliza.

Angeweza kusema hajui. Kalamu za buluu zimejaa hospitalini.

"Mimi," alisema.

Alipomweleza mdogo wake ukumbini, dada huyo hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, akamshika shati kifuani. "Mimi usinieleze. Akiamka, utamweleza yeye. Kwa kinywa chako. Usimtume daktari, usimtume Mama Kipimo."

Shemeji aliamka alasiri. Alitazama shuka, mahali lilipokuwa tambarare.

"Upi?"

"Wa kulia."

"Wa cherehani."

"Ndiyo, shemeji." Akamweleza yote: vidole vilivyokufa ganzi, kidole gumba, onyo alilolicheka, moyo uliokuwa wake. Hakujitetea. Alipomaliza, mzee wa kitanda cha jirani alikuwa amegeukia ukutani.

Shemeji alinyoosha mkono. "Nipe hicho kidole."

Akampa. Mgonjwa alikishika, akakigeuza huku na huku karibu na macho, taratibu, kama anavyogeuza mshono uliorudishwa na mteja kutafuta ulipoanzia kwenda kombo. Aliutazama ule ukwato, nyufa, unga mweupe ulioganda chini ya ukucha. Kisha akakiachia.

"Homa imenirudia," alisema. "Kamwite Mama Kipimo aje anipime."

"Naweza kukupima mi—"

"Kamwite Mama Kipimo."

Mpiga plasta akainuka, akaenda kumwita.