Sikio la Upande wa Pili

...nyoosha, mama, nyoosha tu, usiwaangalie watu, pitisha mkono juu ya utosi, hivyo hivyo, vidole vishuke upande wa pili viguse sikio, basi, shule yenyewe ndiyo hiyo, anayegusa sikio anaingia darasa la kwanza na asiyegusa anarudi nyumbani kufukuza kuku kwenye mtama, na vidole vya mjukuu wangu Alinafe vimekomea pale juu, vinakwaruza nywele kama vya mtu anayetafuta sindano gizani, na mwalimu Kachingwe anasema, "Usiinamishe kichwa, we mtoto, kichwa kikae wima," naye anakiweka wima, na vidole vinapanda tena, maskini, hata pale palipokuwa pamepatikana pamepotea... mwaka jana tulisimama hapa hapa, mwalimu akasema bado mdogo, agogo, bibi yangu, mrudishe mwakani, na mwakani ndiyo leo, leo kaamka kabla ya jogoo, kajiogesha mwenyewe, kajipaka mafuta mpaka magotini, njiani ananihesabia miti, akikosea anarudi nyuma kuanza upya, sasa akirudishwa tena nitamwambia nini... "Ana miaka mingapi huyu, agogo?" Saba, mwalimu, saba kamili, na mwanamke mmoja huko nyuma kwenye foleni anadakia, "Saba ya watu au ya kuku?" na foleni nzima inacheka, hata mimi nimecheka kidogo, mdomo una mazoea yake, na NaBanda jirani yangu anasema, "Jamani, si vizuri," lakini shavu lake limevimba kicheko, kwa nini asicheke, Yankho wake amegusa sikio akapitiliza mpaka shingoni, sasa kakaa na walioingia, anachezea mchanga kwa vidole vya miguu... na Yankho ni mdogo kwa Alinafe, siku anazaliwa Yankho mimi ndiye niliyechemsha maji, na Alinafe alikuwa amesimama pale mlangoni kwa NaBanda, ameshika kitenge changu, meno manne mdomoni... nitamwambia mwalimu ni ukoo, kwetu sisi wafupi, ndivyo ninavyosema siku zote, kisimani nasema, kanisani nasema, pilipili ni ndogo lakini ionje, na watu wanacheka na mambo yanaisha... kwetu nani? Kwetu nani mfupi? Marehemu Gideoni mume wangu alikuwa anainama kuingia ndani mwake, alipokufa fundi akalipima jeneza mara mbili haamini, na binti yetu Femia, mama yake huyu, wasichana wenzake walikuwa wanamwita nguzo, we nguzo, tuangulie papai, na huyo aliyempa mimba akakimbilia kwenye mashamba ya tumbaku, mengine yote tumseme lakini urefu alikuwa nao, mlingoti mtupu, sasa ufupi umetoka wapi, umeingilia mlango gani... "Jaribu na mkono mwingine," mwalimu anasema, sauti yake imelainika, na kulainika huko kunaniogopesha kuliko ukali, Alinafe anabadilisha mkono, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo... mwaka ule, ndiyo, mwaka ule tulipotwanga magunzi ya mahindi tukayaita unga, Femia anatoka alfajiri kulima mashamba ya watu, anarudi jioni na pumba kwenye ncha ya kitenge, tunakoroga uji unaona mpaka chini ya sufuria, maziwa ya mama yamekauka, na mtoto anakunywa ule uji, tumbo linajaa, linakuwa duara kama boga, tunasema ameshiba, tazama tumbo, ameshiba... mwanzoni alilia, kisha akaacha, akawa anakaa pale tulipomweka, jua likimfikia haondoki, nzi akitua hainui mkono, na marehemu mama yangu, macho yake tayari hayaoni, anampapasa kichwani na kusema, "Huyu mtoto mpole, huyu ana roho ya kikongwe, mngekuwa nyie mngekuwa mmeibomoa nyumba," na wageni wakija wanamsifu, mtoto gani huyu asiyesumbua watu, nasi tunafurahi, tunapokea zile sifa kwa mikono miwili... hakuwa mpole, Mungu wangu, alikuwa hana nguvu ya kulia, na mvua zikaisha, mahindi yakakomaa, ndipo Yankho akazaliwa, yeye alipofika siku za kulambishwa uji, uji ulikuwa na karanga, kumbe tofauti yao ni hiyo tu, huyu alitangulia mezani kabla ya chakula... na mimi ni mkulima, nimezeeka na jembe mkononi, hindi likisimama limedumaa, majani ya njano, silitukani hindi, sisemi ukoo wako wafupi, nasema ardhi hii imechoka, mbegu ile ile niliyoitupa kwenye udongo wa kichuguu imenipita kichwa, haya nayajua kama jina langu, ya mahindi nayajua, halafu mtoto nikamwita mfupi... "Mvute kiwiko, mama, mwalimu haoni," yule yule wa mzaha wa kuku ananong'ona, sasa anataka kusaidia, na mkono wangu ulikuwa umeshatoka ndani ya kitenge kwenda kuvuta, nikaurudisha, nivute nini, mfupa hauvutwi kama kamba... na mwalimu amesimama, na foleni inasubiri, na mkono uko pale pale juu ya kichwa, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ni ukoo, mwalimu, sisi tumeumbwa hivi, nimeufumba, sitalisema tena neno hilo, hakuumbwa hivi, alikatwa hivi angali anachipua, na yeye hawezi kuona vidole vyake vimefika wapi, ananiuliza mimi, polepole, bila kugeuza shingo kama alivyoamriwa, "Agogo, bado kidogo?"... na mimi najua si kidogo, mama, ni mwaka mzima wa chakula, na hata nikikupikia leo sufuria nzima ya maharage na mafuta juu yake, chakula hicho hakitarudi nyuma kukukuta pale ulipokuwa umekaa unakingoja.