Kinu Kilichoacha Kuita

Kwa miaka mingi kinu chetu hapa Malaba kilijitangaza chenyewe. Egwang, mume wangu, alifunga kopo juu ya bomba la moshi, na injini ya dizeli ilipowaka mlio ulikwenda tuku-tuku-tuku hadi ng'ambo ya bonde, akina mama wakaambiana twendeni tukasage. Usiposikia mlio, kinu kimefungwa. Ndivyo tulivyozoea huku kwetu.

Sasa ona mambo! Tangu tuweke paneli za jua juu ya paa, na mota ya umeme mahali pa injini, kinu kinavuma kama nyuki na sauti yake haivuki ua. Wateja wanapita na mabeseni kichwani, wanakwenda kusaga kule Amagoro, mji wa jirani. Mimi nasimama mlangoni nikiwaita kama mwehu.

"Mama Mourine, nimevumilia vya kutosha," Egwang akaniambia asubuhi moja. "Fundi Oundo anairudisha injini leo. Kinu kikifa, tutakula paneli?"

Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, maana ni mimi niliyemshawishi. Malori ya mafuta yanapanga foleni mbele ya mlango wetu yakielekea Uganda, lakini dizeli ikiadimika mjini sisi tunafunga kazi, huku jua likituchoma utosini bure! Nilikuwa nimechoka na upuuzi huo.

Basi nikatoka barabarani, nikamshika mkono mama Aluka, jirani yetu, aliyekuwa akipita na beseni la mihogo mikavu na wimbi.

"Niache, dada. Nyinyi mmefunga."

"Tumefunga nini? Ingia uone!"

Akaingia akinuna. Nikamimina mzigo wake kinuni, unga ukaanza kushuka. Akauchota kiganjani, akaunusa, akaunusa tena.

"Mbona haunuki?"

"Unuke nini?"

"Dizeli! Kumbe siku zote ile haikuwa harufu ya wimbi?" Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akatoka kuwaita wenzake kwa Kiteso. Aisee, yule mama ana sauti kulishinda lile kopo!

Wakaja, wakajaa. Na hapo hapo fundi Oundo akafika na injini juu ya mkokoteni, na wingu zito likafunika jua. Kinu kikapunguza mwendo, kikasinzia, kikanyamaza kabisa.

"Si nilisema jua si la kutegemea?" Oundo akacheka. "Boss, tuishushe wapi?"

Egwang alisimama kizingitini, uso ameuinua, mtu ambaye maisha yake yote alitazama juu kwa ajili ya mvua tu. Wanawake nao wakatoka, wakatazama.

Wingu likasogea polepole. Mwanga ukatambaa uani, ukapanda ukutani, ukalifikia paa. Ndani, kinu kikaguna, kikazunguka, kikashika kasi, na unga ukaanza kumiminika tena. Sote tulikuwa nje. Hakuna mkono uliokigusa.

Egwang, aliyezungusha hendeli ya injini mpaka viganja vikaota sugu, akavua kofia.

"Edeke wangu," akamwita Mungu kwa sauti ya chini. "Kimejiwasha."

"Boss," Oundo akauliza tena, "tuishushe?"

Egwang akamwashiria kwa mkono anyamaze, akabaki pale akisikiliza kinu kikivuma.