Kutoka Langoni Hadi Barazani

Tangu Drusilla aende ng'ambo kutunza wazee wa watu wengine, mamake alizidi kuzeeka huko Nyaramba bila yeye kuona. Karatasi zake hazikuwa zimekamilika, akitoka huko hataruhusiwa kurudi. Simu ya picha nayo haikumfaa, kwa sababu mama kila akipigiwa aliibandika sikioni, na Drusilla akabaki kutazama giza. Alitaka kumwona mzima, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, akiwa pale kwao.

Mumewe, Masese, mkulima wa majani chai wa Nyacheki, alikuwa ameanza masomo ya jioni mjini Kisii, mvi zake zikiwa kichwani, ajifunze kupiga video. Mwalimu wake, Celestine, alimwazima droni. Jumapili akaenda Nyaramba, akairusha usawa wa paa, akaigeuza kutoka langoni, juu ya chai, hadi barazani alipoketi mama. Akaituma.

Drusilla alipiga simu. "Baba Linet, nimeona lango. Nimeona chai. Halafu mama akapita kama umeme. Nani alikuwa anakufukuza?"

Masese aliipeleka video darasani. Celestine akamwonyesha jinsi mabati yalivyotokota kama uji na majani ya chai yalivyometameta, na picha nzima ikirukaruka kama mtu apitaye peku juu ya kokoto. Akamweleza kwamba kamera hupiga picha chache tu kila sekunde. Ukigeuza haraka, kati ya picha na picha hubaki pengo, na jicho huona kuruka. Tena jua likiwa kali, kamera hupepesa jicho lake upesi mno, na kuruka huzidi. Afunike lenzi kwa kioo cheusi, na ageuze polepole kuliko anavyodhani ni polepole. Mwenzake mmoja akamtania kwamba rimoti si jembe, asiikamate kama anayeng'oa magugu.

Jumapili iliyofuata mabati yalitulia. Chai ilipita laini kama maziwa yakimiminwa. Lakini droni ilipofika barazani, picha iliruka tena.

Celestine aliirudia mara kadhaa. "Mashine haina kosa tena," akasema. "Hapa kidole chako kinakimbia. Nani ameketi hapo?"

"Mama mkwe."

Darasa likacheka, hata yule mtani, maana waliooa wote walijua. Mkwe hakodolewi macho. Ukikutana naye njiani unampisha, unainamisha uso. Masese alilelewa hivyo, na kidole chake nacho.

Usiku huo alipiga magoti. Alimwuliza Mungu lipi ni kosa zaidi: kuvunja heshima aliyopewa na wazazi, au kumwacha mtoto afe kiu ya mama yake. Basi Jumapili alisimama mbali kidogo na baraza, macho kwenye nyasi, akamweleza mama shida yake yote.

"Wewe usiniangalie," mama akasema. "Hicho kidude chako kiniangalie."

Masese akairusha droni. Akageuka upande wa migomba, macho kwenye viatu vyake, kidole kikigusa rimoti kama mtu anayempapasa kifaranga. Ili asiharakishe, aliomba sala aliyofundishwa utotoni, neno kwa neno, na alipofika Amina alijua droni imekwisha kumpita mama na inatazama mlima. Hakuifungua ile video. Aliituma ilivyo, kwa intaneti ya mjini, isije ikavunjika vipande njiani.

Drusilla alipopiga, kwanza alisikika akivuta pumzi tu.

"Amevaa sweta yangu," akasema. "Ile ya kijani niliyoiacha kwenye kamba."

"Sikuona," Masese akajibu.

"Amekonda. Lakini anaketi vilevile, mguu mmoja juu ya mwingine." "Aliinua mkono, baba Linet. Nami nikaupunga wangu, hapa jikoni kwa watu."

Masese akamweleza jinsi alivyoomba huku akigeuza. Drusilla akacheka, sauti nzito ya mtu aliyelia.

"Hiyo sala ni fupi. Jumapili ijayo omba ile ndefu ya mzee Anyona wa kanisani kwetu, ya kufungia Sabato."

"Betri haitafika."

"Basi ifike itakapofika."