Shangazi na Fulana ya Amani

Muuguzi wa zahanati yetu alituambia ugomvi unaambukiza kama surua. Mmoja akipigwa leo, kesho naye anampiga mwingine, na haipiti wiki mtaa mzima uko wodini. Dawa yake ni kuuwahi. Kwa hiyo akatafuta mtu anayejulikana na wote, amfundishe kuingilia kati kabla mambo hayajachacha, na akamchagua shangazi yangu. Nilicheka mpaka nikavunja sindano ya cherehani. Shangazi yangu huyo huyo, aliyewahi kugombana na mvua!

Akapewa fulana ya kijani na mafunzo. Ongea taratibu. Usimlaumu mtu. Sema, "Naelewa una hasira." Alifanyia mazoezi kwenye kibanda changu cha ushonaji, uso kaukunja kama anameza kwinini.

Jumamosi cheche za kuchomelea za fundi wa mageti wa pale jirani ziliruka zikatoboa jicho la ng'ombe kwenye bango jipya la bucha ya kaka yangu. Wateja wakaanza kuiita Bucha ya Chongo. Kaka akamtukana fundi, fundi akamzaba kibao mbele za watu. Kaka hakurudisha. Aliingia ndani, akatoka na kisu kile kikubwa cha nyama.

Kaka yangu ni huyo huyo mmoja. Nikapiga ukelele, "Shangazi!"

Akatokea, fulana kaivaa nje ndani. Akasimama katikati yao, akavuta pumzi kama alivyofundishwa.

"Naelewa una hasira, mwanangu."

"Huelewi, Shangazi! Hebu toka hapo!"

Muuguzi, aliyekuwa anakuja mbio, alifumba macho.

"Mimi sielewi? Mimi niliyekutawaza ukiwa mtoto? Ninachoelewa ni kwamba nyama yako mifupa mitupu! Juzi nimechemsha nusu kilo, nimepata maji ya moto na majuto!"

Fundi akacheka. Alikosea sana.

"Na wewe unachekelea nini? Geti ulilonitengenezea halifungi, mbuzi wa jirani anaingia na kutoka kama mpangaji! Na kitanda ulichomchomelea mjomba wako kinapiga kelele, mtaa mzima tunajua anageuka saa ngapi!"

"Shangazi, hapo umezidi," kaka akasema. "Jamaa kazi yake nzuri. Mlango wa bucha nani kautengeneza?"

"Na nyama yake mimi nakula kila siku," fundi akadakia. "Mifupa sijaiona!"

"Waongo wakubwa, nyote wawili!"

Kujitetea mbele ya shangazi kunataka mikono yote miwili. Kaka akaweka kisu kwenye benchi la nje ya bucha. Shangazi akaketi papo hapo, puu, wala hakunyamaza.

Walibishana naye mpaka sauti zikawakauka. Kisha wakaondoka pamoja kwenda kunywa chai, wanamsengenya njia nzima, fundi akiahidi kumlipia ng'ombe jicho jipya.

"Mimi sikumfundisha hivyo kabisa," muuguzi alisema, akajifuta jasho.

Nikamwendea shangazi. "Inuka basi twende nyumbani."

"Siwezi."

"Umechoka?"

"Nimekalia kisu."

Akanishika mkono.

"Wamefika mbali?"

"Wameshaingia mgahawani."

Ndipo akaanza kulia, kamasi na machozi, kwenye fulana mpya ya zahanati.

"Nyama yake nzuri sana," alisema. "Usimwambie."