Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Zéphirin alikiweka kibuyu juu ya meza kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto wa wenyewe.

"Tumekirudisha, mama Nyiramahirwe. Tena kimesafishwa vizuri kabisa."

Nyiramahirwe alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, muuza maziwa wa mtaa wa Mabanga mjini Goma, na maisha yake yote hakuwahi kuona kibuyu cha maziwa kinachong'aa. Alifungua kifuniko, akakisogeza puani. Kilinukia sabuni ya maua. Akachungulia ndani. Ule weusi wa moshi uliokuwa umeshika humo kwa miaka ishirini haukuwapo tena. Akakipindua, akakitikisa. Hakikuanguka kitu.

"Nani alikiosha?"

"Wenyewe, kule laboratwari, Ulaya. Ni batu ba heshima, mama. Walisema haifai kumurudishia mutu chombo kichafu."

"Aa," akasema Nyiramahirwe. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa hakujua kipi kianze, akamkaribisha mgeni chai.

Zéphirin alikuwa mwana wa wafugaji wa Masisi, lakini alizaliwa mjini, akasoma mjini, na maziwa aliyoyajua ni ya pakiti. Kazi yake ilikuwa kutafsiri na kupeleka barua za kampuni moja ya watafiti waliozunguka Kivu wakitafuta mimea inayozuia chakula kuharibika.

Habari yenyewe ilianzia barabarani. Mwezi wa tano wa mwaka 2021, mlima ulipotapika moto na ardhi ikaendelea kutetemeka, watu wa Goma waliamriwa kuuhama mji. Nyiramahirwe alitembea hadi Sake akiwa na Biblia, blanketi, na kibuyu hiki kikiwa kimejaa maziwa ya mgando. Siku ya sita akamkuta mtafiti mmoja, Madame Ingrid, amekwama huko na gari lake. Akampa kikombe. Mzungu akanywa, akauliza maziwa ni ya lini. Alipojibiwa, hakuamini. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, akinusa kikombe kama paka. Nyiramahirwe akampenda kwa udadisi ule, maana hata yeye ndivyo alivyokuwa: tangu usichana alijiuliza ni kitu gani ndani ya jani na moshi kinachoyalinda maziwa, na hakuna aliyewahi kumjibu.

Akamwonyesha jani lenyewe, lile lenye mgongo mweupe linaloota kwenye kingo za malisho. Na Madame alipokitazama kibuyu kwa macho ya kukitamani, akampa aende nacho.

Hakumwekea sharti lolote. Kwao, mgeni aliyekunywa maziwa yako haambiwi masharti. Ni aibu kubwa. Huna haja pia, kwa sababu kibuyu cha maziwa hakirudi kitupu. Kinarudi na mtama, au chumvi, au maharage. Nyumba isiyo na kitu hukirudisha na maji safi. Anayekirudisha kitupu amesema kwamba undugu umekwisha. Nyiramahirwe hakumweleza Madame haya. Aliona ni kama kumweleza mtu mzima kwamba mlango hufunguliwa kabla ya kupita.

Sasa ulikuwa mwezi wa tatu wa 2023, na kibuyu kimerudi.

Zéphirin alimaliza chai, akatoa karatasi tatu zilizobanwa pamoja, upande mmoja Kifaransa, upande wa pili Kiswahili.

"Kuna kitu kidogo cha kumaliza, mama. Weka kidole hapa chini. Wino niko nao."

"Siku hizi sitii kidole. Nina kalamu."

Zéphirin akacheka. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Ninasoma jioni, pale parokiani. Niachie hizo karatasi."

"Mama, Ijumaa gari inavuka mpaka, inaenda Gisenyi. Waasi wako milimani juu ya Sake, kampuni inafunga ofisi. Kama hautie saini mbele ya Ijumaa, sijue kama watarudi."

"Leo ni Jumanne," akasema Nyiramahirwe. "Bwana aliumba mengi kwa siku tatu."

Darasa la jioni lilikuwa na watu wazima kumi na mmoja, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Mwalimu wao, muzee Bulonza, alikuwa mstaafu kutoka Bukavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nyiramahirwe aliomba karatasi zake ziwe somo la siku hiyo. Bulonza alizisoma kwanza kimya, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akaandika ubaoni kifungu cha nne.

Walisoma kwa pamoja, silabi kwa silabi: Mtoa maarifa anakubali kwamba jani na namna ya kulitumia vilitolewa bila sharti.

"Ni kweli," akasema Nyiramahirwe. "Sikuweka sharti."

"Twende cha sita," akasema Bulonza.

Mtoa maarifa hatamfundisha mtu mwingine namna hiyo, wala kuitumia kwa biashara, bila ruhusa ya maandishi ya kampuni.

Valérie, muuza mkaa aliyekaa dawati la mbele, aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Ngoja kwanza. Hapo mama Nyiramahirwe akitaka kufukiza kibuyu chake, apigie Ulaya simu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na kama hana unite za kupigia simu, maziwa yaoze?"

Darasa lilicheka mpaka chaki ikaanguka. Lakini Nyiramahirwe hakucheka. Alikuwa amekwisha kufika kifungu cha saba peke yake, kidole chini ya maneno: Faida yoyote itokanayo na uvumbuzi huu ni mali ya kampuni.

"Mwalimu, uvumbuzi ni nini?"

"Ni kitu ambacho hakikujulikana, mtu akakipata kwa akili yake."

"Sasa hapa aliyekipata ni nani?"

"Hilo ni swali zuri," akasema Bulonza. "Wewe ulikipata kwa nani?"

Nyiramahirwe alifikiri. Alipoolewa na kupelekwa kwenye kilima cha mume wake kule Masisi, hakufundishwa na mtu mmoja. Shangazi wa mume, Umurerwa, alimfundisha jani. Mwanamke mwingine akamfundisha kuni zake, maana si kila mti unafaa. Wa tatu akamfundisha muda: lini kibuyu kifunikwe na moshi, lini kifunguliwe. Kila mwanamke wa kilima alishika kipande chake na kumpa bibi harusi, ndiyo iwe zawadi yake, na hivyo hakuna aliyeweza kumnyima mwenzake bila kujinyima mwenyewe.

"Basi si changu peke yangu," akasema polepole. "Nikitia saini cha sita, nimewafunga wanawake wote wa kule. Na hawapo hapa hata kuulizwa."

"Kuna mapatano ya mataifa juu ya mambo haya," akasema Bulonza, "na nchi yetu imo. Mapatano yanasema wenye maarifa waulizwe kwanza, wakubali kwa kuelewa, na faida igawanywe kwa haki. Lakini karatasi ya mapatano haitembei yenyewe kuja Mabanga. Mtu lazima aidai."

"Ukidai sana wataenda zao," akasema Valérie, na safari hii hakuwa anatania. "Ng'ombe wa Masisi wameporwa. Wewe mwenyewe unauza nyanya sasa. Labda hawa ndio mlango wako."

Maneno hayo yalimfuata hadi nyumbani. Valérie hakusema uongo. Kulikuwa na jambo jingine pia ambalo Nyiramahirwe aliona haya kulitaja: alitaka sana kujua. Watu wa laboratwari wangeweza kumwambia kile alichojiuliza tangu usichana. Akiwafukuza, angezeeka na swali lake.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, alipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili tu. Usiniache nikatae kwa hasira ya sabuni. Usiniache nikubali kwa haya ya mgeni. Nipe maneno, na mkono wa kuyaandika." Akakaa mezani, akaandika mistari mitatu, akifuta na kurudia, mpaka nyanya zikachelewa soko.

Ijumaa Zéphirin alifika mapema, gari likinguruma nje.

"Umetia saini, mama?"

"Kaa kwanza. Niambie kitu kimoja. Jani mnalo tangu Sake. Kwa nini mnanifuata?"

Zéphirin alisita, akatazama mlango. "Jani halikufanya kazi. Walilikausha, wakalisaga, wakalichemsha. Maziwa yakaharibika siku ya pili, kama maziwa ya kila mutu. Wanataka uwaonyeshe namna."

"Na kibuyu? Walikipima?"

"Walikitia maziwa. Nayo yakaharibika."

"Kabla ya kukiosha, au baada?"

"Walikiosha kwanza, kisha tena mbele ya kukirudisha. Kila chombo kinaoshwa mbele ya kuingia mule, ni sheria yao."

Hapo kicheko alichokibana tangu Jumanne kikamtoka chote, mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Jibu walikuwa nalo mkononi, wakalimwaga pamoja na maji ya sabuni. Ule weusi haukuwa uchafu. Ulikuwa ni miaka ishirini ya jani, kuni na muda, uliolala juu ya ukuta wa kibuyu. Hata bibi harusi wa jana anajua kwamba kibuyu kipya hakilindi maziwa mpaka kizoezwe.

"Unacheka nini, mama?"

"Mpigie Madame."

Sauti ya Madame Ingrid ikatoka kwenye simu, na Zéphirin akatafsiri. Nyiramahirwe alisoma mistari yake mwenyewe, amesimama. Wa kwanza: maarifa haya ni ya wanawake wa kilima, na majina yao yaandikwe. Wa pili: hakuna mwanamke atakayekatazwa kufukiza kibuyu, kufundisha, wala kuuza maziwa yake. Wa tatu: kitakachopatikana kigawanywe nao, na wao wawepo kinapogawanywa.

Kisha Madame akasema kwamba yeye angekubali, lakini uamuzi ni wa wakubwa wake, na wakubwa hawapendi karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Mwambie mkono ndio ninao."

Madame akasema kitu kingine, kwa sauti ya chini zaidi, sauti ile ya Sake.

"Anauliza tulikosea wapi," akasema Zéphirin. "Anasema hii haiko ya kampuni. Ni yeye mwenyewe anataka kujua. Anasema halale vizuri."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nyiramahirwe alisikia jibu likimwasha kwenye ulimi. Aliujua usingizi ule wa mtu mwenye swali. Maneno mawili tu, na mzungu angefurahi kama mtoto, na labda kesho angempigia kumwambia kilichomo ndani ya ule weusi. Na keshokutwa kifungu cha saba kingekuwa kimelimeza jibu, na Umurerwa pamoja nalo.

"Mwambie," akasema, "kwetu kibuyu cha maziwa hakirudi kitupu. Ilinipasa kumwambia kule Sake, ila nikadhani kila mtu anajua. Hilo ni kosa langu, ninaliomba msamaha. Kosa lake nitamwonyesha, mimi na wenzangu, siku atakapokaa chini nasi karatasi ikiwa imenyooka. Na mwambie hata mimi nina swali kwake."

Zéphirin hakutafsiri mara moja. Alikitazama kibuyu kinachong'aa juu ya meza, akainamisha kichwa. "Mama, hata mimi sikujua. Nilikileta mikono mitupu."

"Wewe ulilelewa na pakiti," akasema Nyiramahirwe, bila ukali. "Tafsiri."

Akatafsiri. Gari likaondoka na nakala moja ya mistari ile mitatu. Mahali pa saini pakabaki peupe.

Wiki zilipita. Barabara ya Masisi ilifungwa, bei ya nyanya ikapanda, na sokoni Valérie alimwuliza kila siku kama Ulaya imepiga simu. Nyiramahirwe alijibu kwamba Ulaya haina unite. Lakini usiku wa mashaka alikuwa nao, akijiuliza kama alikuwa ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki ya sita Zéphirin alituma karatasi mpya kwa mkono wa mtu aliyevuka mpaka kutoka Gisenyi. Nyiramahirwe alisoma mara mbili, kisha akapanda pikipiki hadi kambi ya wakimbizi karibu na Lac Vert, ambako watu wa kilima chao walikuwa wameshuka walipokimbia mapigano. Alimkuta Umurerwa mbele ya hema, mgongo umeinama, amezungukwa na wanawake tisa wakichambua maharage. Aliwaeleza yote, tangu Sake. Habari ya sabuni iliwachekesha hadi wakamwaga maharage.

Kisha akafungua karatasi, akasoma kwa sauti. Kifungu cha nne sasa kilisema maarifa ni ya wanawake wa kilima, na kiliacha nafasi ya majina yao. Cha sita kilikuwa kimefutwa. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wa mahema ya jirani wakatoka kutazama ni nani anaolewa.

"Kuna cha saba," akasema Nyiramahirwe. "Sehemu ya wenye maarifa katika faida itajadiliwa baadaye."

"Baadaye ni lini?" akauliza Umurerwa.

"Haikuandikwa, shangazi."

"Soma tena. Polepole."

Akasoma tena. Wanawake waliacha maharage.

"Haijaandikwa kweli," akasema Umurerwa. "Basi waulize. Wewe si ndiye una kalamu?"

Nyiramahirwe akaiweka karatasi juu ya goti, na pembeni mwa kifungu cha saba akaandika kwa herufi kubwa: LINI? Akaitazama kidogo, akaona alama ya kuuliza imekaa sawasawa. Kisha akageuza ukurasa, maana kulikuwa na cha nane.