Uzi wa Vidole Kumi

Mama yangu ni fundi cherehani, na mimi binti yake ni fundi wa hesabu za ramani. Kazi yangu ni kuutandaza mviringo wa dunia juu ya karatasi bapa, jambo ambalo haliwezekani bila kudanganya mahali fulani. Ofisini tunachagua tu uongo upi tuuvumilie. Mimi nimeuvumilia miaka kumi na tisa, tena kwa majivuno, na ukutani kwa Mama nilitundika ramani niliyoikokotoa mwenyewe, ili wateja wake wajue amezaa mtu.

Mdogo wangu, kitinda mimba, alihamia kaskazini kabisa, digrii sitini juu ya ikweta. Sisi tuko kwenye ikweta yenyewe. Alipougua, na ugonjwa ukawa wa kulala tu, Mama alinyoosha uzi kwenye ramani kutoka kwetu mpaka mji wake, akaukata, akaupima kwa upana wa vidole. Vikatimia kumi.

Siku hiyo nilikuwa mezani kwake nasahihisha kazi ya ofisi, uso nimeukunja. Akaniletea ule uzi.

"Mwanangu, hebu nitazamie. Nimepima sawa?"

"Mama, si unaona nina kazi?"

"Naona. Lakini kuuliza si ujinga."

Nikaulaza uzi juu ya ramani. Ncha moja ilifika nyumbani, ya pili kwa mdogo wangu, bila kulegea. "Umepima sawa," nikasema, nikarudi kwenye makaratasi yangu. Sikumwuliza anapimia nini.

Jioni akampigia kitinda mimba simu, akamwambia hataweza kwenda. Niliudhika kimoyomoyo, nikidhani anaogopa ndege. Wiki tatu baadaye tukapigiwa sisi, naye alikuwa ameshakufa.

Mama hakuitaja ramani mpaka miezi miwili ikapita. Siku moja, akiwa anapinda sketi ya mteja, akaniuliza, "Hivi nchi za kule juu ni kubwa namna hii kweli?"

Nikafurahi kupata la kuongea. "Wala, Mama. Kwenye dunia yenyewe, mistari ya kwenda kaskazini hukutana kule juu. Kwenye karatasi tumeisimamisha kama miimo ya mlango, haikutani kamwe. Kwa hiyo nchi zinatanuka ubavuni, na ili zisiharibike sura tunazirefusha pia kwa kiasi kile kile. Kwenye digrii sitini kosini, yaani kipimo cha mistari ilivyosogeleana, ni nusu, basi kila kitu kimechorwa mara mbili."

Akasimamisha cherehani. "Kumbe mmekivuta kitambaa."

"Tumekivuta."

"Na njia ya kwenda kwa mwanangu?"

"Nayo. Hapa kwetu haijavutwa, inazidi kuvutwa kadiri unavyopanda. Ukijumlisha yote..." Nikakokotoa kichwani, maana siwezi kujizuia. "Vile vidole kumi ni vinane tu."

Akaiachia sketi, nikageuka kumtazama.

"Nilipokwenda kwa mama yako mdogo, mashariki, kwenye ikweta yetu hii hii, vilikuwa vidole vinne," akasema. "Ndege ikachukua saa nne. Kidole kimoja, saa moja. Daktari aliniambia, kwa damu yangu hii inayoganda miguuni, nisikae kwenye ndege zaidi ya saa nane."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza."

Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi nilikuwa na dawa mdomoni na nikamnyima mama yangu kwa sababu nilikuwa na makaratasi. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, nimeshika sketi ya mteja. Yeye hakulia. Alifungua kopo la pini, akautoa ule uzi. Kumbe alikuwa ameutunza.

"Lakini nilipima sawa?"

"Ulipima sawa, Mama."

"Mimi sikuuvuta."

"Hukuuvuta."

Akauzungusha kwenye kidole, akaurudisha koponi, kisha akaniomba niishushe ramani ukutani.